Binamu walimbwekea, sasa hataki tena Kiarabu

Assalaam alaykum Bi Mwalimu,

Safu yako huwa naisoma usiku watoto wakishalala, na leo nimeona nami nilete langu, maana limenifika kooni.

Mimi mzaliwa wa Unguja, nimeolewa hapa Muscat, mwaka wa kumi huu. Mume wangu ni Mwomani, wa hawa wanaoitwa Wazanzibari. Mama yake alizaliwa Bububu, akaja huku 1974 akiwa msichana wa miaka 16, akaolewa na mtu wa Sharqiya. Mume wangu kazi yake ya mafuta, huko jangwani. Hukaa wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Tuna watoto wawili, na huyu ninayemwandikia ni mkubwa, ana miaka 8, yuko darasa la tatu skuli ya serikali.

Nyumbani mimi na wanangu ni Kiswahili. Baba yao akiwepo husema nao Kiarabu, akichoka huchanganya. Dada wa kazi anatoka India, naye Kiarabu chake ni kile cha dukani, "mafi maalum", "ana ruuh suuq", na mwanangu amekidaka chote. Kiingereza kakipata kwenye tableti. Hicho anakimwaga kama maji, hata mimi simfikii. Chuoni ndiyo usiseme: juzuu Amma kaihifadhi yote, na ustadhi humweka mbele awasomeshe wadogo. Mpaka hapo nilikuwa namshukuru Mungu.

Sikukuu ya Mfungo Tatu tulikwenda Nizwa kwa wifi yangu. Watoto walikuwa wanafukuzana uani, mwanangu akaja anahema, kashika kifua, akawaambia wenzake moyo unamdunda. Badala ya kusema "qalbi" akasema "kalbi". Wewe unajua tena: mbwa wangu. Akacheka mmoja, mwingine akabweka, na mara watoto wote nyumba nzima wanabweka. Watu wazima walikuwa kwenye shimo la shuwa wanafukua nyama, na waliosikia nao walicheka. Siku 3 tulizokaa, kila akiingia chumbani anabwekewa.

Tangu siku hiyo Kiarabu hakisemi. Baba yake akimsemesha Kiarabu, yeye anajibu Kiingereza. Darasani akiulizwa anaangalia dawati, na alama zake za kusoma zimeporomoka. Abla wake, yaani mwalimu wake wa kike, kaniletea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, anasema tatizo ni hiyo lugha ya Kiafrika tunayosema nyumbani. Mtoto analemewa na lugha tatu, niiache kabisa.

Aliyenimaliza ni mama mkwe. Amepiga marufuku Kiswahili mbele ya mtoto. Yeye mwenyewe, Bi Mwalimu, akizungumza na dada zake kwenye simu ni Kiswahili cha Bububu kitupu, vicheko vinafika mpaka jikoni! Lakini mjukuu akimwita "bibi", anamkata, anamwambia aseme "jadda".

Nikatii. Wiki 3 nimesema na mwanangu Kiarabu tu, na Kiarabu changu ni cha kununulia samaki. Siwezi kumhadithia, siwezi kumtania, hata kumgombeza siwezi, nikikasirika maneno yananikauka. Nyumba imekuwa kama ya msiba. Juzi usiku akanijia kitandani, akaniuliza: "Mama, umenikasirikia?" Nililia mpaka alfajiri.

Nina maswali matatu. Ni kweli Kiswahili changu ndicho kilichomharibia mtoto? Nimhamishie skuli ya binafsi ya Kiingereza, ambako hakuna wa kumbwekea? Na mama mkwe niishi naye vipi, maana tuko nyumba moja?

Ni mimi, Mama wa Mkimya, Muscat.

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Leo leo usiku mrudie mwanao kwa Kiswahili. Mengine yatangoja, hilo lisingoje. Mtoto anayekuja kitandani kuuliza kama mama kamkasirikia hajajifunza Kiarabu hata neno moja katika wiki hizo 3. Alichojifunza ni kwamba baada ya kubwekewa Nizwa, na mama naye kanyamaza. Mwombe radhi, mhadithie kisa kirefu, umtanie mpaka acheke. Ukimaliza, rudi usome barua hii.

Hiyo qafu, herufi ya mwanzo ya "qalbi", umenijibu mwenyewe na hukujisikia. Umesema juzuu Amma kaihifadhi, na ustadhi anamweka mbele. Basi mwambie akusomee Suratul Falaq, nawe uhesabu kwa vidole. Qul, falaq, khalaq, ghaasiq, waqab, uqad. Qafu 6 ndani ya aya 5, na ustadhi anayejiheshimu hamweki mbele mtoto anayezisoma kama kefu, ile k ya "kalbi". Ulimi wake unaiweza qafu. Kilichotokea Nizwa ni kwamba alikuwa katika mchezo, anahema, kasahau nafsi yake, na aliyejisahau husema kwa ulimi ulio karibu. Ulimi wake wa karibu ni wako. Na kwetu qafu ilishalainika tangu enzi za mababu: kalamu, dakika, sanduku, wakati, zote kwao zina qafu, na kwetu anayesema "qalamu" ni yule anayetaka tujue kwamba amesoma.

Wala Waarabu wenyewe hawajakubaliana juu ya herufi hiyo. Mtu wa Cairo huimeza kabisa, akasema "alb". Bedui wa jangwani kwenu huko husema "galb". Na katika vijiji vya Wapalestina wamo wazee wanaouita moyo "kalb" hivyo hivyo kama mwanao, na mbwa wao wakamwita "chalb", na hakuna anayewabwekea. Mweleze mwanao haya. Asiyajue kama somo, ayajue kama siri ya kuchekesha ambayo binamu zake hawana. Mtoto aliyechekwa hapozwi kwa kuambiwa "usijali". Mpe kitu cha kushika mkononi.

Sasa Kiswahili na hukumu aliyopewa.

Abla wake simwoni mbaya. Ana darasa zima na alama zinashuka, anatafuta mlango wa kutokea. Ila mlango aliouona sio. Mtoto wa Kiarabu, hata yule ambaye babu na bibi na mama na jirani wote ni Waarabu watupu, akiingia skuli anakutana na lugha ambayo hajaisema nyumbani siku hata moja. Ndivyo ilivyo toka Morocco mpaka Oman. Kiarabu cha nyumbani ni kimoja, cha kitabuni ni kingine. Tangu 1959 mtaalamu wa Kimarekani Charles Ferguson aliipa hali hiyo jina la kitaalamu, diglosia, na mfano wake mmoja mkubwa ulikuwa Kiarabu. Sisi tunaweza kuionja kidogo kwa mtoto wa Makunduchi anayeacha Kikae, lahaja ya kwao, mlangoni akaingia darasani kwenye Kiswahili sanifu. Lakini safari ya huyo ni fupi, ya mtoto wa Kiarabu ni ndefu zaidi.

Ndefu kiasi gani? Wako wataalamu wawili, Elinor Saiegh-Haddad na Bernard Spolsky, walioyachambua maneno ya watoto wa Kipalestina wa miaka 5, wakayatoa matokeo mwaka 2014. Takribani neno 1 tu katika kila 5 lilikuwa na umbo lile lile katika Kiarabu fasaha, hicho cha kitabuni. Takribani 2 yalikuwa na undugu wa mbali, na 2 yaliyobaki ni mengine kabisa. Hao ni watoto ambao mama zao hawajui hata "hujambo". Tazama hapo kwenu: mtoto anayesema "abgha" akitaka kitu, kitabu kinamwambia "uriidu". Sasa hivi ni "alhiin", kitabuni "al-aan". Ndipo mtoto anajiona mjinga katika lugha anayoambiwa ni yake.

Na matunda ya safari hiyo yanaonekana kwenye mitihani. Upo mtihani wa kimataifa wa kusoma kwa watoto wa darasa la nne, unaitwa PIRLS, wastani wake umewekwa kwenye 500. Oman ilipata 391 mwaka 2011, 418 mwaka 2016 na 429 mwaka 2021. Inapanda, alhamdulillah, lakini bado iko chini, na wavulana wako nyuma sana ya wasichana. Je, hao wote mama zao wanatoka Unguja? Kesi ya Kiswahili naifunga hapo.

Ila wewe na mume wako hamjafutiwa kesi, na samahani kwa kukwambia hivyo. Kuna kitu kimoja ambacho mtoto wenu kakikosa, nacho ni watu wa kusema nao Kiarabu kwa raha. Hebu tukihesabu Kiarabu chake kama tunavyohesabu vyungu. Cha dada wa kazi ni cha kuombea maji na kuulizia viatu, wala si kosa lake, maana hicho ndicho anachosemeshwa na kila mtu tangu ashuke uwanja wa ndege. Cha baba kinakuja wiki mbili, kinaondoka wiki mbili. Cha skuli ni cha kusahihishwa. Cha chuoni kina sauti nzuri kuliko vyote lakini maana yake hajafunuliwa. Cha binamu kilikuwa ndicho pekee cha kucheza, nacho kikamgeuka kikawa cha mbwa. Kiingereza hakuna aliyemfundisha wala kumsahihisha. Kwenye tableti akikosea hakuna anayecheka, ndiyo maana anakimwaga. Sisi walimu tungekumbuka hilo, skuli zetu zingekuwa na watoto wasemaji zaidi.

Unaona basi kwamba lugha tatu hazijamlemea. Moja imeota mizizi kwa sababu ya mama, moja kwa sababu ya mchezo. Hii ya tatu imenyauka kwa sababu imebaki na aibu peke yake. Lugha haiingii kwa mtoto kwa wingi wa saa tu. Anataka kujua: nikiisema hii, nitakuwa mtu wa nani? Pale Nizwa alijibiwa kwamba si mtu wao. Miaka 8 ni umri ambao jibu kama hilo linaingia ndani.

Twende kwa baba yake. Mume wako mwambie mimi ndiye niliyesema, akikasirika anikasirikie mimi. Kila usiku akiwa jangwani ampigie mwanawe simu ya video kabla ya Isha, dakika 10, amsomee hadithi kwa Kiarabu fasaha. Asimhoji, asimwambie "rudia". Asome tu kwa mbwembwe, sauti ya simba iwe ya simba, na akifika pazito alieleze kwa Kiarabu chao cha nyumbani. Hili sikulibuni mimi. Dina Feitelson na wenzake walitoa utafiti mwaka 1993 kuhusu watoto wa Kiarabu wa chekechea waliosomewa hadithi za fasaha kila siku, wakaonekana kuelewa na kusimulia vizuri kuliko wenzao. Mwaka 2000 Salim Abu-Rabia wa Chuo Kikuu cha Haifa naye akaonyesha kwamba waliozoeshwa fasaha kwa kusomewa tangu chekechea walielewa zaidi wanachosoma walipofika darasa la kwanza na la pili. Mwanao yuko la tatu, hajachelewa. Ila ukumbuke akimaliza la nne atatoka kwa maabla, atahamia skuli ya wavulana kwa walimu wanaume na wavulana wakubwa. Nisingependa ahamie huko na ukimya huu.

Asipojibu baba kwa Kiarabu, baba asigombe. Ajibiwe kwa Kiingereza, naye aendelee na Kiarabu chake. Usikilizaji unafanya kazi hata mdomo ukiwa umefungwa. Na wewe wakati wa simu hiyo ondoka chumbani. Najua unapenda kusikiliza, lakini ukiwepo atakutazama wewe kuona kama umecheka.

Na wiki mbili za nyumbani baba asizimalize kwa kulala. Amchukue peke yake, sokoni Mattrah, baharini, popote, bila mdogo wake na bila wewe. Amkutanishe na mtoto mmoja wa Kiarabu, mmoja tu, ikiwezekana mdogo wake kwa mwaka mmoja. Mtoto mwenye aibu ya ulimi humfungukia mdogo kabla ya rika. Atamfundisha mpira, na mpira hauchezwi kimya.

Binamu wa Nizwa ni kazi ya mume wako kwa dada yake. Wewe usiliguse. Ukilisema wewe litakuwa la wifi na wifi, litazunguka koo nzima na kurudi kwako likiwa na mkia. Akilisema yeye ni la kaka na dada. Aseme jambo moja: watoto wasibweke tena. Na asimpeleke kijana huko mpaka ahakikishe limesemwa, hata kama Idd itawapita.

Kwa abla, usiende na ugomvi wala na matokeo ya mitihani niliyokuandikia hapo juu. Hayo ni yako, ya kukutoa hatia moyoni. Nenda na ombi. Skuli zenu zina twaabur asubuhi, ule mstari wa wanafunzi kabla ya masomo, na huanza kwa Kurani. Mwambie: mwanangu hasemi darasani, lakini Kurani anaisoma kwa qafu zake zote, je, siku moja anaweza kusoma Suratul Falaq mbele ya wenzake? Kwanza muulize kijana mwenyewe, faraghani, kwa Kiswahili. Akisema hapana, iwe hapana, utamuuliza tena baada ya mwezi. Akikubali, abla atasikia kwa masikio yake kwamba huyu mtoto ulimi anao, na watoto wenzake watasikia pia. Nilisomesha miaka mingi, na nimeona mtoto mmoja mkimya akibadilika kwa asubuhi moja kama hiyo. Nimeona na mwingine aliyesimama akalia, ndiyo maana nasema muulize kwanza.

Kuna jambo dogo la hospitali. Anasema Kiswahili vizuri na Kiingereza vizuri, kwa hiyo sioni ugonjwa wa kusema. Lakini mpeleke akapimwe masikio mara moja, ni rahisi na halina madhara. Na ukimya wa darasani ukivuka muhula mwingine pamoja na yote haya, muone daktari wa watoto akuelekeze kwa mtaalamu. Wapo watoto ambao aibu huwafunga mdomo mahali fulani tu, na wanatibika.

Skuli ya Kiingereza? Sikupendekezei, na sababu si ada peke yake. Ukimhamisha sasa, umemwambia kwamba walishinda. Atakua Mwomani asiyeweza kuandika barua ya kuomba kazi serikalini, wala kusimama msibani kwa baba yake akaitika salamu za watu bila kutetemeka. Laiti angekuwa anaonewa skulini kila siku, ningesema hamisha kesho. Lakini skulini hajaonewa, amenyamaza tu. Tumalize mwaka huu kwanza.

Mama mkwe nimemweka mwisho kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara namwona yeye.

Hebu fikiri, mwanangu. Msichana wa miaka 16, katoka Bububu, miaka 10 baada ya Mapinduzi, kaingia Muscat ya 1974. Nchi yenyewe ndiyo kwanza inaamka. Hata 1970 Sultan Qaboos alipotawala, skuli zilizokuwapo Oman nzima zilikuwa 3. Waomani waliokuwa nje waliitwa warudi, na wa Zanzibar walikuja na Kiingereza chao na elimu yao, wakapata kazi nzuri maofisini. Lakini nyumbani, kisimani, harusini, ulimi ulikuwa mzito. Waliitwa "Zanjibari", na neno hilo lilisemwa kwa namna nyingi, nyingine si nzuri. Mwanamume alikuwa na ofisi ya kumpa heshima. Msichana aliyeolewa kwa watu wa Sharqiya alikuwa na ulimi wake tu, na huo ndio uliokuwa unapimwa. Nina jamaa zangu wa umri huo. Mmoja aliniambia alikaa mwaka mzima kwa wakwe bila kuomba chumvi mezani, kwa kuogopa kuikosea.

Ndipo ninapokwambia hakichukii Kiswahili, huyo anayecheka nacho kwenye simu mpaka jikoni. Anataka mjukuu asipitie alikopita yeye, na njia pekee anayoijua ni ile aliyoitumia: kukificha chumbani. Amri yake ni ya kosa, lakini hofu yake ina haki, na ukishindana na amri bila kuigusa hofu mtapigana mpaka mmoja ahame.

Usimwambie Bi Mwalimu kasema. Mpe kazi. Yeye ndiye mtu pekee humo ndani mwenye lugha zote mbili zilizokamilika, na hamjawahi kumwomba kitu kwa ajili hiyo. Mwambie unataka mtoto ajue maneno ambayo Waswahili na Waomani wanagawana, na wewe huyajui yote. Aanze na dirisha. Huko kwenu Kiarabu cha nyumbani kinasema "diriisha", sisi tunasema dirisha, sote tumelitoa kwa Waajemi, na kitabu cha skuli ndicho kinacholeta "naafidha". Meza yetu ni "meez" ya watu wa Ghuba. Kisha aende kwa kitabu, darasa, sahani, habari, hatari, hesabu, atakuta mtoto anajua Kiarabu kingi bila kujua kwamba anajua. Na amwonye kwa yale yenye mtego: "rakhiis" kwao ni kitu cha bei ndogo, si kitu rahisi kama mtihani rahisi. Mtoto atapenda mitego zaidi, watoto ndivyo walivyo. Amwite bibi au jadda, hilo mwachie yeye na mjukuu wake walimalize.

Halafu siku moja mkiwa wawili jikoni mnachambua mchele, mume hayupo, wageni hawapo, muulize ni neno gani la kwanza alilochekwa alipofika Muscat. Muulize kwa Kiswahili. Akinyamaza, nawe nyamaza, endelea na mchele. Na kijana akiwa anazungukazunguka karibu na mlango, usimfukuze.